Mstari Ulionyamazisha Kompyuta

Kila siku saa kumi, baada ya kufagia darasa la saba, Mwongeli na rafiki yake Nthenya walikimbilia maktaba ya shule yao huko Mumbuni, Machakos. Humo mlikuwa na kompyuta moja tu, nzito, iliyofunikwa kitambaa cha maua kama kochi la wageni. Ulikuwa mwaka wa 2002, na shule nyingi za jirani hazikuwa nayo hata moja.

Mwalimu Mutinda alikuwa ametunga programu ya kuweka orodha ya vitabu. Aliitunga kwa kalamu daftarini, na mwandiko wake ulikuwa wa kuku, hausomeki na mtu mwingine. Kwa hivyo yeye alisoma, wasichana wakapiga chapa. Mwongeli alipewa sehemu ya kuunda jedwali, yaani mahali ambapo habari za vitabu zingehifadhiwa. Nthenya akapewa sehemu ya kuingiza na kutafuta vitabu humo.

"Jedwali liitwe lafu," alisema Mwalimu, "kwa sababu vitabu hukaa kwenye lafu."

Kamati ya wazazi ingekuja Ijumaa. Mwalimu mkuu alikuwa amesema wazi: kamati ikiridhika na programu, kompyuta itabaki kwa wanafunzi, isiporidhika, itafungiwa ofisini mwake. Mwongeli aliipenda mashine ile kupita kiasi, akaiombea hata kanisani.

Jumanne aliijaribu programu akiwa peke yake. Ujumbe ukatokea: jedwali halipatikani. Akajaribu tena, ukatokea tena. Aibu ikamshika, maana alikuwa amejigamba darasani kwamba sehemu yake imekamilika. Katika kitabu cha Mwalimu aliwahi kuona mstari unaoiambia programu iruke kila kosa bila kusema neno. Akauandika. Ujumbe ukatoweka, naye akashusha pumzi.

Siku hiyo na Jumatano wakaingiza vitabu mia mbili na kumi na vinne. Kwa kila kimoja programu ilijibu, "Kimehifadhiwa." Alhamisi jioni Mwalimu Mutinda akatafuta kitabu cha kilimo. Hakikuwemo. Akatafuta cha jiografia. Hakikuwemo. Orodha nzima ilikuwa tupu.

"Nthenya, jana ni wewe ulizima kompyuta," alisema. "Ulivuta waya?"

"Sikuvuta, Mwalimu. Nilizima vile ulitufundisha."

"Basi vitabu vimeenda wapi? Kesho hutagusa hii mashine."

Nthenya alianza kulia bila sauti. Mwongeli alitazama kibodi. Akifungua mdomo atachekwa, akiufunga mwenzake ataadhibiwa bure. Hilo la pili lilimuuma zaidi.

"Mwalimu, si Nthenya," alisema. "Ni mimi. Ilikuwa inaleta makosa tangu Jumanne, nikaweka mstari wa kuiambia inyamaze. Sikutaka mjue jedwali langu limekataa."

Mwalimu akamgeukia Nthenya. "Pole, nimekusingizia." Akavuta kiti karibu na Mwongeli. "Toa huo mstari. Ndio umefanya iseme 'kimehifadhiwa' bila kuhifadhi kitu. Wacha iseme inaumwa wapi."

Mstari ulipotolewa, ujumbe ule ule ukarudi. Mwalimu akafungua orodha ya majedwali. Lilikuwepo moja tu.

"Lafu," akasoma. "Si ndilo hili? Sasa inatafuta nini?"

"Inatafuta rafu," alisema Nthenya akipangusa machozi.

"Ndiyo hiyo. Lafu."

"Mwalimu, hiyo ni L. Mimi niliandika R. Baba ni seremala, na hilo neno liko kwenye kibao chake."

Mwalimu aliinama hadi pua ikakaribia skrini. Kisha akacheka mpaka akashika tumbo. "Kumbe kosa limeanza kwa ulimi wangu! Nimesema vile sisi Wakamba tunasema, na Mwongeli akaandika vile amesikia."

Mwongeli akabadilisha herufi moja. Jedwali jipya likaundwa, kitabu cha kwanza kikahifadhiwa, na walipokitafuta kikaonekana. Vingine vyote ilibidi viingizwe upya. Ijumaa walifika shuleni mapema wakaanza kazi, na kamati ilipoingia saa nne walikuwa wamefikisha themanini na sita.

"Tuliambiwa vitabu ni zaidi ya mia mbili," alisema Mzee Maundu, mwenyekiti wa kamati. "Mbona naona themanini na sita?"

Mwalimu alitaka kujibu, lakini Mwongeli alisimama kwanza. Akaeleza yote, hata jinsi Nthenya alivyosingiziwa. Hakuna aliyemcheka.

Mzee Maundu alikuna ndevu zake. "Nimeendesha mashine kwa machimbo ya mawe ya Lukenya miaka ishirini," alisema. "Ile inapiga kelele ikiharibika, hiyo tunatengeneza. Ile inanyamaza ndiyo inaua watu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kosa ni hivyo hivyo. Huyu msichana amejisema mwenyewe mbele ya watu wazima, kwa hivyo mimi sina wasiwasi. Kompyuta ibaki na watoto."

Wazazi wengine wakakubali. Mzee akawageukia wasichana wale wawili.

"Mtakosea tena," alisema. "Mkikosea, semeni mapema, tukiwa bado tunaweza kuwasaidia."