Rawya na Ufito wa Kuvulia

"Sitaki! Nimesema nataka huu!"

Rawya aliukumbatia ufito mrefu wa kuvulia kama mtu anayeogopa kunyang'anywa mtoto. "Hela ni zangu," akaongeza.

"Hela ni zako, na macho pia ni yako," mama yake akamjibu. "Yatumie."

Haji Anwar, mwenye duka, alijifanya anapanga ndoano kabatini. Duka lake lilikuwa nyuma ya soko la samaki la Anfushi, hapo Iskanderia, na magomvi ya wateja hayakuwa mageni kwake. Alijua kwamba akinyamaza, mara nyingi mteja hujishinda mwenyewe.

Na kweli ufito ule ulipendeza. Ulikuwa mweusi wenye michirizi ya dhahabu, na gurudumu lake la kukunjia mshipi lilimetameta kama jino la bandia. Ulikuja na begi lake, samaki wa plastiki wa rangi tatu, na kofia juu.

"Mpe tu, shangazi, tucheke," alisema Hatim, binamu yake Rawya, akiwa ameegemea mlango. Alikuwa na miaka kumi na minne, na kwa maoni yake hakuna jambo la bahari asilolijua. "Huo ni wa wanaume. Wewe Rawya jizungushie mshipi kwenye chupa, kama watoto wenzako."

Maneno hayo yakamfanya Rawya azidi kukaza mikono.

Kila Ijumaa asubuhi mjomba wake Fathi, baba yake Hatim, alishuka na wanawe kwenye yale mawe makubwa ya zege yanayovunja mawimbi. Rawya alifuata nyuma na sufuria ya maharage na mikate ya moto. Wakishakula, huambiwa, "Haya, rudi nyumbani." Ijumaa iliyopita alikataa. Aliketi juu ya jiwe akasema haendi popote, naye anataka kuvua. Mjomba alicheka, lakini alipoona Rawya hacheki, akatoa sharti mbele ya wote: "Ijumaa ijayo njoo na ufito wako mwenyewe. Ukirusha bila mtu kukushikia, utakaa nasi siku zote. Ukishindwa, usinisumbue tena."

Ijumaa yenyewe ndiyo hii. Na hela alizoshika Rawya zilikuwa zawadi zake zote za Idi, pamoja na malipo ya kumenya kamba kwa jirani mwaka mzima, mpaka vidole vikanuka hata shuleni. Zikipotea hizo, basi tena.

"Haji," mama akasema, "tunautoa nje, aujaribu."

"Bidhaa yangu haijaribiwi, Mama Rawya."

"Basi hainunuliwi," Rawya akadakia.

Haji Anwar alikohoa, akawatazama mama na binti, akaona wamefanana videvu. "Haya, jaribuni. Mkivunja mmenunua."

Uchochoro ulikuwa mwembamba, na kila baraza la ghorofani lilining'iniza nguo za kufuliwa. Rawya aliurefusha ufito vipande vyake vyote, akaupeleka nyuma kwa nguvu, akavuta mbele. Haukuja. Ncha ilikuwa imenasa kwenye gauni la kulalia lililoanikwa ghorofa ya kwanza.

"We mtoto!" mwanamke akapiga kelele kutoka juu. "Unavua nini hapo? Mume wangu hayupo, yuko kazini!"

Watu wakaangua kicheko. "Mvute, mvute!" Hatim alipayuka. "Kamata, changu mkubwa huyo!"

Uso wa Rawya uliwaka moto. Ufito ulikuwa mzito mbele, na kila alipouinua ulitaka kumwinamisha. Alimtazama mama yake akitarajia msaada. Mama alikuwa amekunja mikono.

"Mjomba wako huvua wapi?" mama akauliza.

"Kwenye mawe."

"Na samaki wanakuwa wapi?"

"Chini ya mawe hayohayo. Karibu na miguu."

"Sasa wewe unataka kurusha mpaka Kupro, ng'ambo ya bahari?"

Rawya akalinasua gauni polepole huku akiwaza. Ijumaa zote zile za kubeba sufuria, macho yake hayakuwa yamefumba. Mjomba mwenyewe hutumia ufito mfupi, mpini wake umezungushiwa utepe mweusi. Na yule mwenye ufito wa dhahabu kama huu…

"Hatim," aliita. "Gurudumu lako linazunguka?"

"Linazunguka, kwa nini?"

"Ijumaa iliyopita ulivuta mshipi kwa mkono. Nilikuona. Ulilipigapiga kwa jiwe."

Hatim alikuna kisogo. "Liliingia maji ya chumvi kidogo."

"Umevua baharini! Ulitegemea liingie nini, sharubati?"

Safari hii hata yule mwanamke wa ghorofani alicheka. Hatim alitazama viatu vyake. "Hata mwezi halikumaliza," akakiri kwa sauti ndogo. "Msimwambie baba nililinunua kwa bei gani."

Rawya aliurudisha ufito wa dhahabu juu ya meza ya duka. "Haji, nionyeshe magurudumu. Yatoe kwenye maboksi, sitaki kusoma sifa zake."

"Kwa msichana ninayo seti nzuri ya rangi ya waridi—"

"Samaki watajuaje kama mimi ni msichana?"

Haji Anwar akatoa magurudumu manne. Rawya aliyasogeza sikioni moja baada ya jingine, akizungusha kishikio cha kila moja taratibu. La kwanza lilikwaruza kama mchanga. La pili lilicheza huku na huku. La tatu lilikuwa la kijivu, halina urembo wowote, lakini lilizunguka kimya. Ule waya wa pembeni unaopokea mshipi ulifunguka na kufunga kwa mlio mmoja mkavu.

"Hili," alisema.

Ufito alichagua wa vipande viwili, mrefu kiasi cha kuweza kuuzungusha bila kuyumba. Mama akauchukua, akachomoa uzi wa pamba kwenye pindo la mtandio wake, akaupitisha ndani ya zile pete ndogo zinazoongoza mshipi.

"Unafanya nini?" Rawya akauliza.

"Kiwandani ninakoshona tunapima vyerehani hivi. Pete ikiwa na ufa inakata uzi. Na mshipi si uzi tu?"

"Fito zangu hazina ufa!" Haji Anwar alikuja juu.

Kwenye pete ya tatu uzi ukanasa, ukabaki unaning'inia.

"Lete mwingine," akasema Rawya.

"Huyu binti atanifilisi," Haji alinung'unika, lakini akaleta. Wa pili uzi uliteleza mpaka mwisho. Rawya alilipa, na kwa chenji akanunua mshipi mpya, ndoano na machubwi ya kuzizamisha. Kwa ule wa dhahabu asingebakiwa na kitu.

Walishuka kuelekea baharini, Hatim akiwa nyuma.

"Umenikasirikia?" Rawya alimuuliza mama yake.

"Kwa kubisha? Hapana. Mimi mwenyewe mbishi. Lakini sikiliza. Mwanzoni ulibisha kwa sababu ya Hatim, na ukakaribia kutupa jasho la mwaka mzima ili yeye akuone mkubwa. Baadaye ulibisha kwa sababu unataka kuvua, ukauliza, ukapima, ukakataa kibovu. Ubishi wa namna hiyo endelea nao. Ukinunua kitu, fikiria kazi utakayokifanyia. Watu watakaokitazama hawatakuvulia samaki."

Mjomba Fathi alikuwa ameketi kwenye jiwe lake. Aliutazama ufito, akacheka puani. "Mfupi hivyo? Utavulia ndani ya beseni?"

"Wako una urefu gani, mjomba?"

Wavuvi wa jiwe la pili wakapiga makofi. Mjomba aliutazama ufito wake, akaacha kucheka. "Haya. Rusha."

"Nikushikie mpini?" Hatim akanong'ona, na safari hii hakuwa anatania.

"Usiuguse."

Rawya alisimama ukingoni. Alifungua waya wa gurudumu, akaukamata mshipi kwa ncha ya kidole, akageuka kuhakikisha hakuna mtu nyuma yake. Kisha akarusha. Chubwi lilipaa, mshipi ukafuata ukiimba, vikatumbukia kandokando ya jiwe la mwisho, pale maji yanapogeuka kijani. Alizungusha gurudumu kidogo mpaka mshipi ukakaza.

Mjomba Fathi aliinua ndoo yake ya chambo, akaihamishia upande wa pili.

"Sogeeni," aliwaambia wanawe. "Mpisheni akae."