Kalsiamu Iliyokuwa Ikipotea

Kilichomtia wasiwasi yule mfamasia mstaafu kwanza hakikuwa sauti wala kivuli. Ilikuwa namba.

Tangi lake lilikuwa sebuleni, refu kama kitanda cha mtoto, lenye taa ya buluu juu na kabati chini lililoficha pampu na chujio. Humo alifuga matumbawe. Wageni waliinama kutafuta samaki, wakamwona mmoja tu, wakauliza, "Sasa hapa mzee unafuga nini, mawe?" Naye alicheka, akawaeleza kwamba yale ni wanyama, kwamba kila tumbawe ni vinywa vidogo maelfu kwa maelfu vinavyonyonya chokaa majini na kujijengea nyumba. Kazi yake haikuwa kulisha samaki. Alilisha maji.

Kila asubuhi alivuta maji kwa bomba la sindano, akayatia kwenye kichupa, akadondosha dawa tone kwa tone. Tone lililoyageuza maji kutoka rangi ya waridi kuwa buluu ndilo lililomwambia kiasi cha kalsiamu, madini ya ile chokaa. Alipima alkali pia, akaandika kwenye daftari. Miaka thelathini nyuma ya kaunta ya dawa ilikuwa imemfanya hivyo. Mkewe alikuwa na utani kwamba mume wake angepima machozi kabla ya kulia.

Kwa miezi mingi kalsiamu ilikaa kwenye mia nne na ishirini. Jumatatu moja ikawa mia tatu na tisini. Jumanne, mia tatu hamsini na tano. Akadhani dawa ya kupimia imeharibika, akafungua kopo jipya. Jibu likawa lilelile. Akaongeza kalsiamu kwa uangalifu, kidogo kidogo. Kufika kesho yake ilikuwa imetoweka.

Ajabu ni kwamba alkali haikupungua hata chembe. Tumbawe linapojenga hula vyote viwili pamoja. Basi mlaji hakuwa tumbawe. Akapima fosfeti, ambayo siku zote ilimsumbua kwa kupanda. Haikuwapo kabisa.

Akabaki ameshika kichupa hewani. Kalsiamu na fosfeti. Mtu wa kazi yake hakuhitaji kufungua kitabu. Kitu fulani ndani ya maji yale kilikuwa kinajenga mfupa.

Asubuhi hiyohiyo, bintiye alitema jino kwenye sinki.

Binti alikuwa na mimba ya miezi saba. Mumewe alikuwa safarini kikazi, naye alikuja kujifungulia kwa wazazi wake. Jino lilikuwa zima, jeupe, halina tundu. Hospitali walimpima wakasema madini yamepungua mwilini, wakampa vidonge. Baba mwenyewe alihakikisha anavimeza. Baada ya wiki likatoka la pili, na nyonga zikaanza kumuuma hata akawa anatembea kwa kushika ukuta.

Kisha nyumba ikaanza kunuka. Ilikuwa harufu ya ufukwe maji yakiwa yamekupwa, mwani uliooza na chaza waliokufa juani, na ilipanda kila adhuhuri, wakati nyumba imetulia. Mama alisugua kabati la tangi kwa sabuni mara tatu. Harufu ikahamia kwenye mapazia.

Adhuhuri moja binti alimwita baba yake kwa sauti ya chini kutoka chumbani.

"Baba. Nani yuko sebuleni?"

"Hakuna mtu, mwanangu. Mama yako yuko jikoni."

"Basi nani anabembeleza mtoto?"

Mzee akasikiliza. Pampu ilikuwa ikinguruma kama kawaida, na chini ya mngurumo huo, kutoka ndani ya kabati, palikuwa na sauti ya mwanamke akiimba kwa midomo iliyofumbwa, polepole, akikatiza, akianza tena, kama anavyofanya mama ambaye mtoto wake amekaribia kulala lakini bado macho yamefumbuka. Akalifungua kabati. Aliona mabomba tu. Wimbo haukukoma. Ulihamia juu, ndani ya maji, kwenye jiwe kubwa alilonunua mwezi uliopita.

Alimpigia simu muuza samaki wa mapambo aliyemletea jiwe lile.

"Lile jiwe uliling'oa wapi?"

"Kwenye mwamba wa nje, mzee. Nilipiga mtaimbo. Lilipopasuka..." Akashusha sauti. "Mlikuwa na kitu cheupe ndani, kimejikunja. Kilivunjika. Nilidhani ni konokono. Mzee, tangu siku ile mimi sijaingia baharini."

Mfamasia hakusubiri. Alichukua ndoo, akatia mikono kwenye tangi, akalinyanyua jiwe. Lilipotoka tu majini, binti akapiga yowe huko chumbani, na mama akaja mbio akipiga kelele, "Rudisha! Chochote ulichoshika, rudisha!" kwa sababu tumbo la binti lilikuwa limekaza kama ubao, na mtoto ndani alikuwa akijipindua kama samaki aliyetupwa nchi kavu. Jiwe likarudi majini. Tumbo likalegea. Mzee akakaa sakafuni na mikono yake iliyolowa, na hapo ndipo alipoona, katika ufa wa jiwe, safu ya vipande vyeupe vidogo vilivyopangwa kama shanga. Ulikuwa uti wa mgongo.

Mama ndiye aliyemwita Mwalimu. Aliitwa hivyo kwa sababu alifundisha hesabu hadi alipostaafu. Mambo ya pepo na majini aliyarithi kwa shangazi yake, na hakupenda kuyatangaza. Alikuja na mkoba wa mkononi, akavaa miwani, akaomba daftari. Akapitisha kidole kwenye namba ukurasa baada ya ukurasa.

"Siku ulizoongeza kalsiamu nyingi, binti aliumwa kidogo," alisema. "Siku ulizopunguza, jino lilimtoka. Anakula kwenye sahani mbili."

"Nani?" aliuliza mama.

"Tumuulize."

Wakamlaza binti kwenye kochi mbele ya tangi. Mwalimu akazima pampu, akatia vidole viwili majini na mkono wa pili akauweka kwenye paji la binti, akamwita yule aliyekuwa ndani kwa maneno ambayo mzee hakuyaelewa. Muda ukapita. Samaki yule mmoja akajificha. Harufu ikajaa chumbani hadi macho yakawasha. Binti akafumbua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito, yenye maji kooni.

"Mwanangu alivunjwa. Namjenga."

"Mjenge kwa chako," Mwalimu akasema.

"Mimi ni upepo na maji. Mfupa sina."

"Muache huyu. Ana mimba."

"Ndiyo maana nimemchagua. Atanielewa."

Mama akaziba mdomo kwa kanga yake. Mwalimu akaendelea kubembeleza, akatishia, akaahidi kulirudisha jiwe baharini, na kwa kila neno sauti ile ilijibu jambo moja tu: kwanza akamilike, kwanza akamilike, na ilipokuwa ikisema hivyo mashavu ya binti yalikuwa yakididimia mbele ya macho yao kana kwamba mtu anamnyonya kwa ndani, hata mzee akashindwa kuvumilia, akapiga magoti kando ya tangi akasema:

"Chukua kwangu."

Mwalimu akamgeukia haraka. "Mzee! Usitoe neno usilolipima."

"Nimepima maisha yangu yote," alisema. "Chukua kwangu. Yeye muache, na aliye tumboni muache."

Binti akavuta pumzi ndefu, akaamka akiomba maji ya kunywa.

Tangu siku ile, kila adhuhuri, mfamasia alikaa kwenye kigoda na kutia mkono wake wa kulia ndani ya tangi. Hakumwambia mtu alichokisikia huko, ila mkewe pekee, na kwa kunong'ona: midomo midogo ikishika ncha za vidole, isiyo na meno, ikinyonya kwa pupa, na baada ya kushiba ikilegea, kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. "La kutisha," alisema, "ni kwamba nimeanza kumzoea."

Binti akapata nguvu. Nyonga zikaacha kuuma. Mzee akapungua. Suruali zake zilianza kuburuzika chini, na kilichopungua hakikuwa kiuno tu bali urefu. Akapiga chafya siku moja, ubavu ukavunjika. Mkewe alimsihi aache. "Bado kidogo," alimjibu. "Kalsiamu imeanza kukaa."

Binti alijifungua salama mtoto wa kike mwenye afya. Wiki ya tatu baada ya hapo, mzee alikuwa akiinuka kitini mfupa wa paja ukakatika, na daktari akaamuru asishuke kitandani. Siku mbili mkono wake haukuingia majini. Siku zote mbili nyumba haikunuka kitu.

Siku ya tatu, saa saba mchana, binti alisinzia kando ya kitanda cha mtoto. Alipozinduka, sakafu ilikuwa imelowa. Alikwenda sebuleni. Jiwe lilikuwa limepasuka katikati kama yai, na ndani mlikuwa na shimo laini lenye umbo la mtoto aliyejikunja. Kutoka hapo zilianza nyayo, za mtu mzima, na kando yake za mtoto mdogo anayejifunza kutembea. Alizifuata huku amejishika mdomo. Zilipita koridoni. Zilizunguka kitanda cha mtoto wake mara moja, za mtu mzima zikasimama, zile ndogo zikasogea karibu kabisa. Mtoto alikuwa macho, anatabasamu, paji lake limelowa. Kisha nyayo zikaelekea mlango wa nje, zikatoka.

Alikimbilia kwa baba yake.

"Wameondoka, Baba. Wote wawili. Yule mdogo anatembea."

Mzee alifumba macho. Midomo yake ilicheza. "Nyayo zake zimekauka?"

"Bado."

"Nenda ukahesabu vidole."

Alikwenda. Alikawia kidogo, na aliporudi alisimama mlangoni bila kuingia.

"Mguu wa kulia vitano," alisema kwa kunong'ona. "Wa kushoto vinne."

Mzee aliitazama dari. Mtoto mchanga alianza kulia chumba cha pili.

"Basi hajakamilika. Maji yale msiyamwage," akasema. "Na mlango uacheni wazi."