Nyota Kwenye Dirisha la Shule

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine yake ya kuchomelea, Fundi alimsindikiza binti yake hadi lango la shule. Haikuwa mbali. Karakana yake ilitazamana na shule, barabara ikiwa katikati. Lakini Fundi aliipenda safari hiyo fupi, kwa sababu ilimpitisha mbele ya madirisha.

"Unayaona yale?" alimwuliza binti yake.

"Nayaona, baba. Jana pia niliyaona. Na juzi."

"Nani aliyatengeneza?"

"Wewe, baba."

"Haya, nenda kasome."

Binti huyo alikuwa darasa la tano. Nyumbani walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea akila, aliongea akioga, na mama yake aliapa kwamba aliongea hata usingizini.

Miaka miwili nyuma, wezi waliingia shuleni mara tatu. Walibeba vitabu, wakabeba viti, na mara ya tatu wakabeba hata kengele. Fundi akasimama kwenye mkutano wa wazazi na kusema, "Niachieni mimi." Mwezi mzima alikata nondo na kuzichomelea. Kila dirisha likapata grili nene. Kila darasa likapata mlango wa chuma. Kwenye pembe ya juu ya kila grili akachomelea nyota ndogo, alama ya mkono wake. Tangu siku hiyo hakuna hata kipande cha chaki kilichopotea. Wazazi walimsifu mpaka akavimba kichwa, na kusema kweli alikuwa na haki ya kuvimba kidogo.

Kisha siku moja mwalimu mkuu aliwaita wazazi. Alikuwa amewaandikia barua watu wa zimamoto, akiwaomba waje kuikagua shule. Alikuja askari mmoja wa kike, mfupi, mkakamavu, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Alizunguka madarasa yote. Halafu akawaketisha wazazi thelathini katika darasa la tano, kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakikaribia videvu.

"Nani alitengeneza grili hizi?" aliuliza.

Vichwa vyote vilimgeukia Fundi. Fundi akasimama, akaweka sawa kola ya shati. Mkewe alimvuta shati kwa nyuma ili akae, maana alimjua mumewe.

"Ni mimi, afande."

"Hongera. Mwizi hapiti hapa."

"Hapiti kabisa!"

"Na mtoto je?"

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. "Mtoto ana mlango," alijibu.

"Vizuri. Basi tuujaribu huo mlango. Mwalimu, tafadhali ufunge. Ninyi wengine simameni. Tuseme nyaya za umeme zimeshika moto kule nyuma. Moshi umejaa, hamwoni kitu. Fumbeni macho. Nikipuliza filimbi, tokeni."

Ulikuwa wakati wa mapumziko. Watoto walijazana dirishani kuwaona wazazi wao wakicheza. Chiriku alikuwa mbele yao, akisimulia kila kitu kwa wale wasioona.

Filimbi ikalia. Fundi alikuwa wa kwanza kufika mlangoni. Hakuhitaji macho, mlango ule aliujua kama kiganja chake. Akashika kitasa, akavuta. Mlango ukafunguka kidogo, ukagoma. Ulikuwa unafungukia ndani, na nyuma yake wazazi wenzake wote walikuwa wanasukuma kwenda nje. Alivyozidi kuvuta ndivyo walivyozidi kumsukuma.

"Rudini nyuma!" alipiga kelele.

Waliokuwa nyuma hawakumsikia, kwa sababu nao walikuwa wanapiga kelele. Shavu la Fundi likabanwa kwenye chuma alichokipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe.

"Vuta, baba!" Chiriku aliita kutoka dirishani. "Baba, vuta!"

Fundi akafumbua macho. Akauona uso wa binti yake katikati ya nondo mbili. Nafasi ile alikuwa ameipima yeye mwenyewe: mkono upite, kichwa kisipite. Chiriku alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa kimya.

Filimbi ikalia tena. Watu wakarudi nyuma, wakihema.

"Dakika tatu zimepita, na hakuna aliyetoka," askari alisema. "Ninyi ni watu wazima thelathini. Darasa hili lina watoto hamsini na wawili."

Sasa hakuna aliyecheka. Fundi alikosa pa kuuweka uso. Na kama ilivyo kawaida ya mtu aliyeaibika, alikuja juu.

"Kwa hiyo unataka ning'oe kila kitu, wezi warudi?"

"Sijasema ung'oe, kaka," askari alijibu kwa upole. "Kazi yako nimeiona. Aliyeweza kufunga hivi, kufungua hakuwezi kumshinda."

Akaeleza. Mlango wa darasa ufungukie nje, ili watu wakiusukuma uwaachie. Kila darasa liwe na madirisha mawili yenye grili ya bawaba, inayofunguka kutoka ndani. Isiwe na kufuli, maana kwenye moshi hakuna atakayekumbuka ufunguo ulipo. Iwe na komeo ambalo mtoto anaweza kulivuta kwa mkono mmoja, na lizibwe kwa bati ili mwizi aliye nje asilifikie.

"Na mafunzo ya watoto?" aliuliza mke wa Fundi. "Nani atawafundisha?"

"Mimi hapa, mama. Kwetu ni bure, mnatakiwa kuandika barua tu. Kituo cha afya nacho kiandikieni. Muuguzi atakuja kuwafundisha walimu huduma ya kwanza."

"Barua tu?" alishangaa mama mmoja. "Muda wote huo tulikuwa tunasubiri nini?"

"Swali hilo ningeuliza mimi," askari alisema.

Jioni, Fundi hakugusa chakula. Mkewe alimwangalia, akamwacha. Chiriku ndiye aliyeshindwa kunyamaza.

"Baba, hilo komeo, kama kuna moshi na mimi sioni, nitalijuaje liko wapi?"

"Utapapasa."

"Nondo zote zinafanana, baba. Nitapapasa mpaka lini? Kitu kisichofanana na vingine ni ile nyota yako tu. Na umeiweka juu kule, mimi siifikii."

Fundi alimtazama binti yake. Kisha akavuta sahani yake, akaanza kula haraka haraka.

"Umepona?" mkewe aliuliza.

"Kesho nina kazi," alisema Fundi.

Kesho yake aliing'oa grili moja, akaipeleka karakana na kuitia bawaba na komeo, kisha akaikata nyota yake kutoka pembe ya juu. Akaishusha hadi usawa wa kifua cha mtoto, akaichomelea juu ya komeo. Halafu akamwita Chiriku, akamfunga macho kwa kitambaa. Chiriku alipapasa, akaigusa nyota, akavuta komeo. Halikutoka.

"Gumu, baba."

"Vuta kwa nguvu."

"Nguvu zote ndizo hizo!"

Zamani Fundi angesema mtoto hana nguvu. Safari hii alichukua tupa, akalisugua komeo na kulipaka grisi. Chiriku akajaribu tena mpaka komeo likatoka kwa vidole viwili. Tangu hapo hakuna grili iliyotoka karakana bila kupimwa na Chiriku aliyefungwa macho. Kazi nzima ilichukua wiki saba. Fundi aligeuza na milango yote. Chini ya kila dirisha la kutokea, upande wa nje, akaweka ngazi mbili za chuma.

Askari naye hakukosa miadi. Aliwafundisha watoto kwamba kengele tatu fupi ni za hatari. Ukizisikia, acha begi. Kama kuna moshi, inama, maana hewa nzuri iko chini. Usirudi ndani kwa sababu yoyote. Nenda kwenye goli la mbali uwanjani, ujipange na darasa lako. Mwalimu atoke na daftari la mahudhurio, aite majina. Kila darasa likachagua wasimamizi wawili wa madirisha. Darasa la tano halikuhitaji kupiga kura.

Zoezi la kwanza lilikuwa vurugu tupu. Wengine walirudi kuchukua mabegi, na mmoja wa waliorudi ni Chiriku, alikuwa amesahau kalamu zake za rangi. Askari alimsema mbele ya shule nzima. Zoezi la nne, shule yote ilitoka kwa dakika moja na nusu.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja, saa nne na nusu, Fundi alikuwa anachomelea lango la mteja aliposikia kengele tatu fupi. "Wanafanya zoezi," alijisemea. Kisha akavua kinyago, akaona moshi. Ulikuwa mweusi, na ulitoka stoo ya kuni iliyopakana na darasa la tano.

Jinsi alivyovuka barabara hakumbuki mpaka leo. Alifika akauona mlango wa darasa la tano ukiwa umezungukwa na moshi. Hakuna ambaye angeweza kupita pale. Akakimbilia uwanjani akiwa bado na glovu mkononi.

Watoto walikuwa wamejipanga mbele ya goli. Mwalimu wa darasa la tano alikuwa anaita majina. Fundi alisimama kando, akihesabu kwa midomo.

"Hamsini na wawili," mwalimu alisema, akafunga daftari. "Wote wapo."

Fundi akakaa chini kwenye nyasi. Chiriku alimfuata, kiganja chake cheusi kwa masizi.

"Baba, moshi uliingia mlangoni! Sikuona kitu, nikainama, nikapapasa, nikaipata nyota, nikavuta, ikafunguka! Mwenzangu akafungua la pili. Tukashuka mmoja mmoja, mimi wa mwisho kabla ya mwalimu. Na kalamu zangu nimeziacha!"

"Tutanunua nyingine," alisema Fundi. Akavua glovu, akamfuta masizi kiganjani.

Gari la zimamoto lilifika na moto ukazimwa. Stoo iliteketea, ukuta wa darasa ukawa mweusi, na hakuna mtoto aliyepata hata mchubuko. Yule askari wa kike alikwenda mpaka kwenye madirisha yaliyo wazi, akaigusa nyota kwa kidole.

"Nani alitengeneza grili hizi?" aliuliza kwa sauti, ingawa alijua.

Fundi hakusimama. Watoto hamsini na wawili ndio waliomwonyesha kwa vidole, na Chiriku alipaza sauti kuliko wote: "Baba yangu!"

Asubuhi iliyofuata baba na binti walivuka barabara kama kawaida. Fundi alikuwa anatazama chini, amezama kwenye mawazo. Mbele ya madirisha Chiriku alisimama.

"Unayaona yale, baba?"

"Nayaona."

"Nani aliyatengeneza?"

Fundi alifikiri kidogo. "Mimi na wewe," alisema.

"Haya," alisema Chiriku, akiweka sawa begi lake mgongoni. "Nenda kafanye kazi."