Kikohozi Nyuma ya Mlango

Kitu cha kwanza kupotea kilikuwa sauti ya feni. Feni yenyewe ilikuwepo, inaning'inia darini palepale, inazunguka na kupeperusha pazia kama kawaida. Ila ule mlio wake wa kwi-kwi-kwi, uliomkera Mwokaji miaka sita, haukuwepo. Alisimama chini yake na gitaa begani, akatega sikio. Akapanda juu ya kitanda, akasogeza uso mpaka upepo ukamkausha macho. Kimya.

"Afadhali," akasema, akakaa kurekodi. Mtu akipata nafuu ya bure haulizi imetoka wapi.

Waliomjua walimwita Mwokaji kwa sababu ya kazi yake, katika kiwanda kidogo cha mikate, kuanzia alfajiri mbichi hadi saa tano asubuhi. Akirudi, majirani wako makazini; wakirudi wao, yeye amelala. Ukiishi hivyo unajua viatu vya majirani vilivyo mlangoni kuliko sura zao. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na baba yake, mpasua mbao mstaafu aliyetoka kazini na miaka thelathini ya vumbi la mbao kifuani. Mama alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo mazungumzo ya baba na mwana yalikuwa haya: "Umekula?" "Nimekula." "Haya."

Mchana Mwokaji alijifungia chumbani akapiga nyimbo za gemu. Si gemu za siku hizi. Zile za zamani, za kuchomeka kaseti kwenye mashine na mashine kwenye televisheni, ambazo muziki wake ulikuwa milio ya ti-ti-ti tu, lakini ukiisikia utotoni haikutoki mpaka kaburini. Aliichukua ile milio akaipiga kwa gitaa la umeme, kwa mtindo wa roki, gitaa juu ya gitaa, ngoma za kompyuta chini yake, kisha akaupandisha wimbo kwenye jukwaa moja la mtandaoni la watu wenye ugonjwa wa gemu za zamani kama wake. Chini ya kila wimbo aliandika maneno yaleyale: *Naomba maoni, hata kama ni mabaya.*

Nyimbo arobaini na moja. Maoni, sifuri. Hata matusi hakupata, na mtu akifika mahali pa kutamani kutukanwa, jamani, upweke umemkolea.

Wimbo wa arobaini na mbili ulitoka kwenye gemu ya ngome iliyozama, ile aliyocheza akiwa na miaka minane. Kaseti yake ilikuwa inagoma, na baba ndiye aliyeichomoa, akaipuliza fuu, akairudisha, na picha ikatokea. Mwokaji aliupandisha wimbo ule saa nane mchana. Dakika hiyohiyo maoni yakaingia, neno moja tu:

*Hodi.*

Mahali pa jina palikuwa na nukta. Mwokaji aliruka kwenye kiti. Akajibu upesi: *Karibu sana! Jisikie uko nyumbani.*

*Nimeingia,* ikaja. *Unapiga vizuri. Lakini feni inasikika. Niiondoe?*

Alidhani mwenzake ana programu ya kusafisha kelele, kama zile za mafundi wa sauti. Akaandika: *Ndiyo, tafadhali.* Hakutumiwa kitu. Kesho yake feni ikawa bubu, naye, kama tulivyoona, akasema afadhali.

Alimpa mgeni wake jina, Msikilizaji. Na tumpe haki yake, alijua kusikiliza. *Kidole chako cha nne kinachelewa,* alimwambia, na kweli kilikuwa kinachelewa. *Sekunde ya hamsini uliogopa, ukapunguza nguvu.* Kweli aliogopa. Mwokaji hakuwahi kusikilizwa hivyo na mtu yeyote. Sasa alitoka kazini mbio, na unga bado masikioni, kama mtu anayewahi kwa mchumba. Wenzake wa tanuri walimtania, "Leo nani anakungoja?" Akacheka tu, kwa sababu hata yeye hakujua.

Kisha Msikilizaji akaandika: *Mbwa wa jirani anabweka. Nimwondoe?*

*Ndiyo.*

Asubuhi iliyofuata, Mwokaji akipita kwenye geti la jirani, yule mbwa alimrukia kama kila siku. Mdomo ulifunguka na kufumba, shingo ikakakamaa, mate yakaruka. Sauti haikutoka hata chembe. Mbwa mwenyewe akaacha, akamtazama Mwokaji, akarudi nyuma huku mkia umeingia katikati ya miguu. Mwokaji alipofika chumbani alikuta harufu ya vumbi lililopata moto, ile ya amplifaya ya gitaa iliyosahaulika imewashwa kutwa nzima. Akaigusa. Ilikuwa baridi, na waya wake uko sakafuni.

Hapo alijua. Tusimtetee. Angefunga kompyuta siku ile, akaenda kukaa sebuleni na mzee wake, hadithi ingeishia hapo. Lakini nani angemsikiliza kesho?

Siku ya tatu baada ya mbwa kunyamaza, maoni yakasema: *Bila kasoro moja, huu ungekuwa wimbo wa kukumbukwa. Mtu anakohoa nyuma ya mlango. Nimwondolee sauti?*

Mwokaji aliitazama sentensi ile muda mrefu. Kikohozi cha baba alikizoea, kikavu, mara mbili, kisha kimya. Kilikuwa kimeharibu nyimbo kumi kama si ishirini. Alijiambia kwamba kikohozi ni ugonjwa, na nani hataki baba yake apone? Akaandika haraka, bila kuvuta pumzi: *Ndiyo.*

Jioni baba alikuwa mezani. Mabega yakamruka, mkono ukaenda kifuani, kinywa kikafunguka. Hakuna kitu. Mzee alishangaa, akajigusa koo. Akasema jambo, na midomo ikatembea bila neno. Akagonga kikombe mezani mara tatu, kwa nguvu, na meza haikulia.

Usiku ule Mwokaji hakulala, na alfajiri hakwenda kazini, akaandika mara kumi na saba *rudisha, tafadhali rudisha,* bila kupata jibu, mpaka mchana usingizi ulipomwiba palepale kwenye kiti. Na alipozinduka, bila kujua kilichomzindua kwa sababu nyumba nzima ilikuwa kimya kama ndani ya pamba, harufu ile ya vumbi la moto imejaa mpaka kooni, akatoka, akasukuma mlango wa chumba cha baba, akamkuta mzee sakafuni amebanwa na pumzi, uso umebadilika rangi, anapiga ukuta kwa ngumi, ukuta uleule ambao upande wake wa pili ndipo kilipokuwa kiti cha Mwokaji, anaupiga na kuupiga, rangi inabanduka na vifundo vya vidole vinatoka damu, na hakuna mlio wowote uliokuwa umepita.

Akamkalisha, akamsugua mgongo, akamnywesha maji ya uvuguvugu mpaka pumzi ikarudi. Kisha akampigia simu shangazi.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa mkunga mstaafu, ingawa watu walimfuata zaidi kwa yale mengine, ya uganga. Aliingia, akanusa mara moja tu, akavua viatu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Sema polepole," akanong'ona. "Alipiga hodi?"

"Alipiga."

"Ukamwitikia nini?"

"Karibu. Nikamwambia ajisikie yuko nyumbani."

Shangazi akafumba macho. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyofunzwa. Huyu wako jembe kajishikia mwenyewe, mwanangu. Anafyeka nyumba yako."

"Mfukuze, Shangazi. Nakuomba."

"Nimfukuze mimi? Nilimkaribisha mimi? Aliyekaribishwa hafukuzwi, anaagwa. Na hatoki mikono mitupu." Akamtazama kaka yake aliyekuwa ameegemea ukuta, kinywa wazi, bila sauti. "Ana kikohozi cha mzee mkononi. Mpe kitu atakachokipenda zaidi. Na unakijua."

Mwokaji alikijua.

Walifungua madirisha yote, na jua la saa tisa likaingia. Shangazi akasimama kwenye kizingiti cha chumba, midomo inatembea kwa maneno yake. Mwokaji akawasha amplifaya, akavaa gitaa, akasema kwa sauti, machozi yanamtiririka bila aibu, "Asante kwa kunisikiliza. Hakuna aliyenisikiliza kama wewe. Zawadi yako hii hapa. Niachie baba yangu. Safari njema." Kisha akapiga wimbo wa ngome iliyozama, na hakuwahi kuupiga vile, kidole cha nne hakikuchelewa, kwenye sekunde ya hamsini hakuogopa, na alipofika katikati uzi mnene ukanyamaza chini ya vidole vyake, ukifuatiwa na wa pili na wa tatu, nyuzi bado zinatetemeka, anaziona zinatetemeka, na kadiri gitaa lilivyozidi kuzama ndivyo alivyosikia, kwa mbali kwanza, kisha karibu, kwi-kwi-kwi ya feni, na mbwa wa jirani akibweka kama mwendawazimu, na mwisho, uzi mwembamba ulipokufa, kikohozi: kikavu, mara mbili, kutoka kwa baba yake aliyekuwa ameketi kitandani na kusema, "Maji, jamani."

"Ameondoka," Shangazi akasema, akavaa viatu. Mlangoni akamshika mkono. "Sasa sikiliza. Akirudi, kwa namna yoyote, mtu wa nyumba hii asimwitikie. Hata kwa mchezo."

Mwokaji aliliweka gitaa chini ya kitanda. Akafuta nyimbo zote arobaini na zaidi, na hakuna aliyeuliza zimekwenda wapi. Siku mbili alirudi kazini na kutoka kazini akiwa mtupu kama gunia la unga lililokung'utwa.

Siku ya tatu, saa nane mchana, baba akamwita mezani. Alikuwa amepika chai na kuweka vikombe viwili.

"Mbona hupigi?"

"Limeharibika, Baba."

"Pole." Mzee akakoroga chai isiyo na haja ya kukorogwa. "Ule wa ngome ulikuwa unaukimbiza kidogo pale katikati. Lakini mzuri. Uliniwekea kaseti ile mbele ya macho."

Mwokaji akaweka kikombe chini. "Ulikuwa unasikia?"

"Zote. Nilikuwa natoka chumbani nakuja mpaka mlangoni kwako. Najikohoza, kama mtu wa adabu. Nikiona huitikii, narudi zangu."

"Ulikuwa unataka nini, Baba?"

"Kukuambia umepiga vizuri. Nini kingine?"

Mwokaji alilia kama mtoto, na baba hakujua afanye nini isipokuwa kumsogezea chai. Miaka minne. Maoni yote aliyoyaomba yalikuwa yamesimama nje ya mlango wake, yanakohoa. Alivuta kiti, akakaa bega kwa bega na mzee wake, na kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke hakujisikia peke yake.

Ndipo kikatoka kikohozi. Kikavu, mara mbili.

Baba alikuwa na kikombe mdomoni. Hakuwa amekohoa.

Kilitoka chumbani kwa Mwokaji, nyuma ya mlango uliofungwa, na pamoja nacho harufu nyepesi ya vumbi lililopata moto. Kikanyamaza. Kikangoja. Kikarudia, mara mbili.

Mzee, mtu wa adabu, mtu asiyeweza kumwacha anayejikohoza asimame nje, akageuza kichwa kwa mazoea ya maisha yake yote.

"Kari—"

Mwokaji akamziba mdomo kwa kiganja. Wakakaa hivyo, pumzi ya moto ya baba ikimpiga mkononi, feni ikilia kwi-kwi-kwi. Na nyuma ya mlango kikohozi kikaja mara ya tatu, taratibu, bila haraka, cha mgeni anayejua kwamba wenyeji wapo.