Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Yalianza Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Abigaël Kapinga alitoka katika maabara ya mgodi wa Kolwezi anakopima shaba, akakuta gari lake limelala upande. Nyuma, kulia, bodi ilikuwa imeshuka mpaka ikafunika nusu ya gurudumu. Aligonga matairi yote kwa kisigino, yalikuwa mazima. Gari lilikaa tu kama kitanda kilichokaliwa ukingoni na mtu mzito.

Lilikuwa jeep nyeusi ya kifahari, ya mkono wa pili, yenye viti vya ngozi. Ilikuwa imemeza akiba yote ya kiwanja, yake na ya mumewe, aliyekuwa kazini mbali, Kisenge.

Fundi, Baba Josias, au Tata Josias kama walivyomwita, hakushangaa. Alieleza kwamba gari za namna hii hazina springi. Zinabebwa na mipira ya hewa, na mpira ukizeeka unavuja. Akaweka mpira mpya, na mshahara wa mwezi ukaenda. Gari likasimama wima, kisha likalala palepale. Akabadilisha kompresa inayopuliza ile hewa, na fedha za karo zikaenda. Likalala tena. Safari hii Josias alilizunguka, akapapasa chini, akainuka akifuta mikono.

"Mama Tania, motokari haiko na ugonjwa. Inabeba tu. Unabebaka nini nyuma?"

"Cartable ya mutoto, na vitabu vyake."

"Basi ule mutoto anasoma kupita profesa," Josias akasema, lakini hakucheka sana.

Ikafuata kengele. Kila gari lilipoondoka, kengele ililia kwamba abiria wa nyuma kulia hajafunga mkanda. Pale hapakuwa na abiria. Abigaël alijua kuna kifaa chini ya ngozi kinachohisi uzito, akajiambia kimeharibika, na ili apate utulivu akafunga mkanda ule juu ya kiti kitupu. Kengele ikanyamaza. Alipofika nyumbani aligeuka kuchukua mkoba wake, akaona kwamba mkanda haukulala juu ya kiti. Ulikuwa umejaa. Ulipinda hewani, kama unazunguka kifua.

Baadaye ikaja harufu, ya udongo mbichi wa chini kabisa, ule anaoletewa maabarani ndani ya mifuko. Kisha Tania, binti yake wa miaka mitano, anayekaa nyuma kushoto, akaanza kukohoa kikohozi kikavu cha wachimbaji wa mashimo, na kila akitoka shule kucha zake zilikuwa na udongo mwekundu, ingawa mwalimu aliapa kwamba watoto hawachezi nje. Na mchana mmoja, jua likiwaka, malori ya madini yakiwa yamefunga barabara na vioo vyote vya gari vikiwa vimepandishwa, Abigaël alisikia pumzi nyuma yake, pumzi nzito ya mtu aliyepanda mteremko mrefu, akadhani ni mtoto, akatazama kwenye kioo na kumwona Tania amefunga mdomo, amejisogeza mlangoni, anampisha mtu.

"Mama," mtoto akasema polepole, "ule tata anauliza, tutafika wakati gani?"

Jioni ile alikwenda kwa Baudouin Ngeleka, mnunuzi wa madini aliyemuuzia gari. Baudouin alifunga mlango wa ofisi kabla ya kujibu. Alisema shimo liliporomoka, akafa mchimbaji mmoja, Elisée, na wenzake wakamwomba gari wampeleke kwao Fungurume. Maiti inataka karatasi nyingi njiani. Basi walimkalisha nyuma, kulia, wakamvalisha kofia na kumfunga mkanda, na kwenye kila kizuizi cha polisi walimsemesha kama mzima.

"Tulimwambia, Elisée, kaa sawa, tunakupeleka nyumbani," Baudouin, aliyeshika usukani siku ile, akanong'ona. "Njiani suspension, ile mipira ya hewa, ikakufa. Tukamuhamisha mu pick-up. Ile haraka, hakuna mutu alimwambia shuka."

Abigaël hakuhitaji maelezo zaidi. Hata kwao, watu waliotoka Kasai na wanaosali kanisani, mfu akihamishiwa gari jingine huambiwa kwa jina lake. Asipoambiwa, mwili huenda, yeye hubaki.

Jumamosi alimwacha Tania kwa jirani, Mama Darlène, akashika njia ya Fungurume peke yake, au karibu peke yake, kwa maana kompresa ilinguruma muda wote, na kiti kililalama kila kona, na kwenye daraja la Lualaba aliposema, "Elisée, sasa tunavuka maji," ile pumzi nyuma yake ilisimama mpaka walipofika ng'ambo.

Mama yake Elisée, ambaye Baudouin alimwelekeza nyumba yake, alikuwa mwanamke mfupi wa mikono mikavu. Alimsikiliza Abigaël hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akafungua mlango wa nyuma, kulia.

"Mwana wangu, tumefika. Shuka."

Mkanda ulijifungua, ukarudi taratibu. Gari lilishusha pumzi, likainuka, likakaa sawa. Mama yule alilia kidogo, akajifuta, akamshika Abigaël mkono.

"Na ule mwenzake?"

Abigaël hakuelewa. Baudouin alimtajia mmoja tu.

"Balileta babili, si mumoja. Ule mwengine alikuwa kijana wa Kasai, jina hakuna mutu alijua. Tulimuzika hapa na wangu. Balisema alikaa kushoto. Yeye nani alimwambia shuka?"

Kushoto ni kiti cha Tania.

Abigaël alirudi Kolwezi bila kutazama kioo. Gari lilikuwa wima, hapakuwa na harufu, akaamini alichotaka kuamini.

Asubuhi iliyofuata alitoka na funguo za gari mkononi. Tania alikuwa amesimama uani, amevaa gauni la kanisa, mbali na mlango wake. Gari lilikuwa limelala kushoto.

"Pa kiti yangu kuna mutu," mtoto akasema. "Anasema kule mulienda jana haikuwa kwabo."

Akakohoa, akatema kitu chekundu kiganjani, akamwonyesha mama yake. Ulikuwa udongo.

Abigaël alimpeleka kwa Mama Darlène, akaomba ampeleke kanisani, na asimruhusu kugusa gari hata likirudi. Alijaza tangi. Alijua mipira ile haiwezi kuvumilia barabara mbovu ya Kasai. Josias alikwisha kumwambia. Akanunua mikate na maji, ya watu wawili. Kisha akafungua mlango wa nyuma, kushoto, na kwa Tshiluba, lugha ya Kasai aliyoachiwa na bibi yake na ambayo hakuijua vizuri, akamwambia aliyekaa pale kwamba kwao ni mbali, kwamba yeye ndiye atakayeonyesha njia, na kwamba afunge mkanda.

Akaketi kwenye usukani, akangoja. Aliposikia mkanda umelia *tak*, akawasha gari.