Sauti Iliyoomba Maji ya Moto

Hita ya maji iliwaka peke yake saa tisa alasiri, mabomba yote ya nyumba yakiwa yamefungwa. Ilikuwa siku ya nne mfululizo. Tak, tak, tak, kisha vuu! moto ukashika, na harufu ya sabuni ikapita kwenye korido, sabuni ambayo hakuna aliyeinunua.

"Isije ikalipuka, fundi," alisema mama mwenye nyumba, akiurudishia taratibu mlango wa chumba alimomlaza mwanawe wa miezi kumi. "Nina mtoto humu."

"Hailipuki, dada. Hii haina tangi. Maji yakipita, kuna kigurudumu kinazunguka, moto unawaka. Maji yakisimama, moto unazima. Kitu kimekwama tu."

"Na hiyo sabuni?"

"Hiyo muulize mumeo."

Mama alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Fundi akaingia stoo, mwisho wa korido, ambako hita ilining'inia ukutani. Alifunga gesi, akafunga maji, akafungua kifuniko. Kigurudumu kilizunguka vizuri, kama kipya. Chujio lilikuwa na chokaa kidogo. Akalisugua kwa mswaki, akalirudisha, akafungulia tena. Kisha, kama alivyozoea kila nyumba, akamtuma mwenye nyumba bombani.

"Nenda jikoni, fungua ya moto. Mimi nabaki hapa kwenye namba za joto. Wewe nipigie kelele tu."

Haukupita muda, moto ukashika.

"Tayari, dada?"

"Bado," ilijibu sauti ya mama kutoka jikoni. "Ongeza."

Akapandisha kutoka nyuzi arobaini hadi arobaini na tano.

"Ongeza."

Hamsini. "Dada, hayo sasa ni ya kunyonyolea kuku!"

"Ongeza kidogo. Leo namtakatisha."

Akaweka hamsini na tano. Ndipo mlango wa mbele ulipofunguka, na mama akaingia mbio, amekumbatia rundo la nguo, nywele zimelowa.

"Samahani, fundi, mvua imeniwahi, nikakimbilia nguo kambani. Niende jikoni sasa?"

Kidole cha fundi kiliganda kwenye kitufe. Maji yalikuwa bado yanapita.

"Dada," alinong'ona, "mtoto yuko wapi?"

Nguo zilianguka, wakakimbia, wakakipita chumba ambacho mlango wake sasa ulikuwa wazi na kitanda kimebaki na alama tu ya mwili mdogo, wakaingia jikoni ambako mvuke ulikuwa umejaa mpaka dirisha halionekani, na bomba likimimina maji kwenye beseni, na mezani, kando kabisa ya beseni, mtoto ameketi uchi, ametulia, nywele zimechanwa, nguo zake zimekunjwa vizuri, tayari kuogeshwa.

Mama alimnyakua. Fundi alifunga bomba, akilishika kwa kitambaa.

"Ameungua?"

"Hapana. Hapana, mzima." Alimgeuza huku na huku. "Ing'oe hiyo hita. Ichukue. Sitaki kuiona."

"Dada," fundi alisema polepole, "hita haina ubovu wowote."

Mtoto akaanza kulia. Alijipinda, akamsukuma mama yake kifuani, akanyoosha mikono yote miwili kuelekea upande wa pili wa beseni, pasipokuwa na mtu, akatamka neno ambalo mama yule hakuwahi kulisikia kinywani mwa mwanawe.

"Mama."