Upande wa Pili wa Santuri

Mvua ya Kisii haina adabu. Mchana mmoja wa mwaka 1971 iliwafukuza watu sokoni, wao na ndizi zao na kuku wao, wakabanana kwenye baraza la duka la santuri. Kemuma, binti wa Mzee Ondieki wa Nyanchwa, alivaa gauni la malinda na kitambaa cheupe kichwani. Kijana aliyebanwa kando yake, mwenye suruali pana miguuni, alikumbatia gita lililofungwa gunia.

"Pole dada, nakusukuma?"

"Si wewe, ni gita lako."

"Basi limekupenda kabla yangu."

Kemuma akacheka, na kicheko hicho kikamponza.

Kijana aliitwa Onchiri wa Kiogoro, mwimbaji wa bendi ya watu wanne. Walipendana miaka mitatu, zaidi kwa simu, maana kazi ya Kemuma ilikuwa kuunganisha simu posta na Onchiri hakukaa mahali pamoja. Kila Jumamosi Onchiri alipiga muziki wa dansi, siku ambayo katika nyumba ya Wasabato kama ya Mzee Ondieki hata jembe haliguswi. Yeye alichoka kusafiri, Kemuma akachoka kungoja, na hakuna uchovu unaozidi ule wa kumngoja mtu unayempenda.

Mwaka 1974 bendi ilirekodi Nairobi wimbo mrefu, ukagawanywa pande mbili za santuri. Ijumaa moja jioni redio ikaupiga. Kilima kizima kilitega masikio Onchiri akimsifu Persis, mchuma chai wa Itumbe: shingo yake, mwendo wake, vidole vyake. Upande wa kwanza ukaisha, jua likazama, na Mzee Ondieki akazima redio kuipokea Sabato. Majirani nao wakazima zao. Kesho yake kanisani wanawake walimshika Kemuma mkono kama aliyefiwa.

"Pole, mama. Wanamuziki ndivyo walivyo."

Wiki hiyohiyo mwalimu Makori alileta posa. Mzee, Tata kama Kemuma alivyomwita baba yake, akasema atajibu wiki tatu baadaye, siku ya Jumapili. Kemuma alikuwa amechoka hata kukataa.

Onchiri alipiga simu, akakatiwa. Akapiga tena, akakatiwa. Alhamisi kabla ya Jumapili ile akampata.

"Kemu wangu, nimekukosea nini?"

"Muulize Persis."

"Persis? Huyo ni mchumba wa Machogu, mpiga besi wetu! Hukusikia upande wa pili?"

"Upande upi? Onchiri, usinichezee. Jumapili Tata anamjibu mwalimu Makori."

"Kemu, ngoja kwanza..."

"Dakika tatu zimekwisha," akasema kwa sauti ya kazini, akachomoa waya. Kisha akalia, taa za simu zikimwakia mbele.

Ijumaa jioni Onchiri alipanda Nyanchwa kwa miguu, gramafoni ya betri begani, shati la dansi likiwa limemgandia mgongoni. Mzee Ondieki alikuwa mlangoni akilitazama jua.

"Shikamoo, Tata. Naomba dakika tatu tu."

"Jua halina dakika tatu, kijana."

"Basi zilizobaki."

Mzee akasogea kando. Onchiri akaweka gramafoni juu ya kigoda, akapiga santuri upande wa pili. Gita likaanza pale lilipoachia. Persis ni wa Machogu, sauti ikaimba, mimi nilitumwa tu kumsifia rafiki. Kemuma akatoka jikoni na mwiko mkononi. Jua likazama. Mkono wa mzee ukaenda kwenye gramafoni, mazoea ya miaka arobaini, ukasimama hewani. Ndipo sauti ikasema: wangu ni Kemuma wa Nyanchwa, nimechoka barabara, nataka kwenda nyumbani kwake.

Mzee Ondieki aliuacha wimbo mpaka mwisho. Kisha akazima mwenyewe.

"Mungu anisamehe," akasema. "Kijana, na Jumamosi?"

"Nimewaambia wenzangu, Tata. Ijumaa jua likitua, gita linalala. Na wazee wangu watakuja Jumapili, ukiwakubali."

Mzee akamgeukia binti yake. "Umesikia. Makori nimjibu nini?"

Kemuma alimtazama Onchiri, viatu vyake vya matope, macho mekundu ya safari. Alitaka kumgombeza. Nguvu hakuwa nazo, na hasira nayo ilikuwa imekwisha bila yeye kujua.

"Mwambie nimeposwa," akasema. Kisha akamsogezea Onchiri kigoda kingine. "Na wewe kaa, umechoka."